Posa Iliyosikika Mtaa Mzima

Ndugu yangu, nimeaibika. Hata chai imenishinda kunywa.

Si unavijua vichochoro vya mtaa wetu wa kale, mtu akiwa dirishani anaweza kumpa jirani chumvi mkononi? Leo asubuhi nilikuwa chumbani najifunza namna ya kumwambia fundi cherehani wa pale chini kwamba nataka kumuoa. Kwa sauti. Mara ya tatu, bibi wa dirisha la mbele akaniambia, "Baba, hapo umeruka. Rudia pale penye moyo."

Rudia! Kumbe alikuwa anasikiliza tangu mwanzo!

Nikashuka mbio nimuwahi fundi kabla habari hazijamfikia. Ni hatua arobaini tu. Muuza magazeti: "Jikaze, bwana harusi!" Kinyozi akazima mashine yake ili asikie vizuri.

Fundi hakuinua macho. Nikafungua mdomo nianze.

"Nimeshasikia," akasema. "Mara tatu."

Mara tatu, ndugu yangu!

Akakata uzi kwa meno. "Jumapili mlete shangazi yako azungumze na mama. Ila wewe, tafadhali, usiseme kitu."