Feni Chini ya Harusi ya Zahara

Jumanne, tarehe 8 mwezi wa saba

Imezimika tena. Nimeacha kuhesabu. Nabonyeza itoe filamu, inaanza vizuri, mstari wa kijani unasogea, halafu chini ya kompyuta panakuwa moto kama sufuria ya bugali. Feni yake ya ndani inalia, inalia, kisha kimya. Kioo cheusi. Nasubiri ipoe, naanza upya. Kila mara inafia palepale, bibi harusi akiwa mlangoni hajaingia.

Harusi yenyewe ni ya Zahara, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Kupiga filamu za harusi ndiyo kazi yangu hapa Kasongo, na hii nilisema itazishinda zote. Kamera mbili. Kaswida za vijana, ngoma za akina mama, mashangazi wanavyogombania kubeba mwavuli. Vipande vyote nimeshapanga. Kilichobaki ni mashini iviunge viwe kitu kimoja, na hapo ndipo inapogoma.

Zahara ameniandikia kutoka ndani. Yuko fungate, hatoki nje. Nkambo yake, yule bibi aliyemlea baada ya mama yake kufariki, yuko Wamaza na hali yake si nzuri. Hakuweza kupanda pikipiki kuja harusini. Chakula kinamshinda. Ametuma neno kwamba anataka kumwona mjukuu wake amevaa, na kama ni kuona, aone sasa. Baba Radjabu, baba mdogo wa Zahara, anaenda Jumapili kumpelekea dawa. Hasubiri mtu. Nafasi ya nyuma kwenye pikipiki yake ni yangu, mradi filamu iwe tayari.

Nimemjibu Zahara kwamba itakuwa tayari. Mdomo wangu huu utaniponza siku moja.


Jumatano, tarehe 9

Fundi wa sokoni ameishika, ameigeuza, ameinusa. Anasema dawa yake iko kwa mafundi wa Bukavu, mji wa mbali. Nimeichukua nikarudi nyumbani nimenuna.

Mama kasema niende na vipande hivyohivyo, bibi aangalie kimoja kimoja kwenye simu. Bibi ana mtoto wa jicho, mama. Kwenye simu ataona siafu tu. Na harusi ya vipande vipande si harusi.

Kuna vibao vya kupozea mashini. Niliviona kwenye video za watu wa mbali. Kibao, feni chini yake, mashini inakaa juu inapulizwa upepo. Hapa Kasongo havipo, hata uulize kila duka mpaka msikitini. Basi. Kama kipo cha kununua, kipo pia cha kutengeneza.

Nimepekua nyumba. Konvertisa ya zamani ya kugeuza umeme wa batri, ile iliyoungua msimu wa mvua ikatoa moshi tukakimbia, imo uvunguni bado. Nimeifungua. Ndani mna feni ndogo ya mraba, nzima kabisa, imejaa vumbi. Nimeibusu. Ubao nimepata kwenye sanduku la sabuni. Tundu nimelitoboa kwa chuma cha moto, jiko la mama likanuka ubao ulioungua, mama akasema nitachoma nyumba kwa ajili ya harusi ya watu. Miguu ni soli za kandambili zilizochakaa, nimezikata vipande na kuvipanga, nyuma juu zaidi ili mashini iiname kidogo. Chini ya tundu nimefunga kipande cha chandarua kuzuia vumbi. Kiangazi hiki vumbi linaingia hata kwenye ndoto.

Kizuri si kizuri. Kinafanana na kiti cha mlevi. Ila ni changu.


Alhamisi, tarehe 10

Asubuhi nimekata waya wa chaja ya simu, nikaunga feni, nikachomeka kwenye kompyuta yenyewe. Feni imezunguka kama mtu anayelazimishwa. Upepo wake hauwezi kuzima kiberiti. Kwenye mgongo wake imeandikwa volti kumi na mbili. Pale nilipoichomeka panatoka tano. Halafu nikajiona mjinga: nimemwambia mgonjwa ajipepee mwenyewe.

Nikaunga kwenye batri ya pano ya jua, ile ya taa za nyumba. Loo. Imevuma. Karatasi zimeruka mezani, kuku ametoka mbio. Nimecheka peke yangu.

Nikaweka mashini juu, nikabonyeza. Imekufa mapema kuliko juzi.

Nimekaa chini sakafuni. Nimekasirika mpaka masikio yamepata moto. Upepo upo, joto limezidi, hiyo hesabu gani? Nimetaka kukitupa kibao uwanjani. Kilichonizuia ni uvivu tu wa kusimama.

Mama alikuwa anafukiza ubani chumbani, kama kila Alhamisi jioni. Moshi ukaja mpaka kwangu. Nikaukodolea macho. Ulipofika mezani haukupanda juu. Ulishuka, ukavutwa ndani ya tundu, ukatokea chini ya kibao.

Yaani niliifunga feni kichwa chini miguu juu. Ilikuwa inanyonya hewa kutoka tumboni mwa mashini, na mashini nayo inavuta hewa hiyohiyo. Walikuwa wananyang'anyana.

Nimegeuza. Nimeazima kitezo cha mama, nikakishikilia chini. Safari hii moshi umepita katikati ya tundu ukapanda wima, mweupe, mzuri. Nimebonyeza. Mstari umeenda. Zahara akafika mlangoni. Zahara akaingia. Nimepiga kigelegele peke yangu, majirani waseme watakavyo. Nikasimamisha hapohapo, batri ilikuwa imechoka na jua limezama. Kesho jua likiwaka naimaliza yote.

Mimi ni fundi. Wafute vibao vyao vya mtandaoni.


Ijumaa, tarehe 11

Nina hasira sana, naandika vibaya.

Asubuhi jua zuri. Nimeanzisha filamu, nimeangalia muda mrefu, inaenda, chini baridi. Nikaenda kupiga picha za watoto waliohitimu chuo cha Korani, kazi niliyokuwa nimeahidi. Nimetembea barabarani kama mtu aliyepata ubunge. Nimerudi baada ya sala. Kioo cheusi. Mashini ya moto.

Feni inavuma. Batri nzima. Chandarua safi. Nimeangalia kila waya. Ndipo nikaona kitambaa.

Nyumbani kwetu kila kitu cha thamani kinavaa. Redio inavaa, televisheni iliyokufa zamani inavaa, termosi inavaa. Mama anafuma kwa mkono, nyekundu na nyeupe, pindo la mawimbi. Siku niliyoleta kompyuta hii alimaliza chake kabla ya jioni. "Kitu ya heshima haiwezi kukaa uchi mezani," alisema. Na mimi nikakubali, maana nimekulia humo, nyumba zote za mtaa huu ziko hivyo. Tangu siku hiyo mashini imekaa juu ya kile kitambaa kinene. Nilipojenga kibao, kitambaa nilikiweka pembeni bila hata kufikiri.

Leo wageni walikuja kumsalimia mama baada ya sala ya Ijumaa. Mama akaona ubao wa sabuni na masoli ya kandambili katikati ya sebule yake. Akaona haya. Akainyanyua mashini polepole, akakivisha kibao kitambaa, akairudisha juu. Alikipiga pasi kwanza. Tundu la feni limezibwa na maua ya kufumwa.

Nimepiga kelele. Nimemwambia mama maneno ambayo binti hamwambii mama. Nimemwambia ameua filamu, kama bibi wa watu akifa hajaona, basi ni juu yake. Alikitoa kitambaa, akakikunja, akaingia chumbani.

Nimebaki nimesimama, na ndipo akili ikaja. Zile harusi zote zilizozimika katikati. Usiku ule wote wa kusubiri ipoe. Fundi nimemtukana, mashini nimeitukana, mtu aliyeniuzia nimemtukana. Ilikuwa na homa, na mimi kila siku naifunika blanketi. Mama alifuma, lakini anayejua kwamba mashini inapumulia tumboni ni mimi. Yeye nani alimwambia?

Jua limekwisha. Kesho ni siku ya mwisho. Mama hajatoka chumbani. Nimechoka na nimejichukia.


Jumamosi, tarehe 12

Nimemwomba mama msamaha kabla ya chai. Nimepiga magoti, si kwa mchezo. Amesema, "Wewe mutoto, kelele ulirithi kwa baba yako." Basi yakaisha. Halafu akauliza mashini inapumulia wapi. Nimeigeuza, nimemwonyesha vile vitundu. Amevipapasa kwa kidole, ametikisa kichwa. "Kumbe ilikuwa inanililia."

Jua limetoka. Nimebonyeza.

Mama ameleta kigoda chake, amekaa kando ya meza na sindano yake ya kufumia. Hakuna aliyesogea. Kuku amefukuzwa. Jirani aliyekuja kuomba moto ameambiwa asimame mlangoni, hapa kuna mgonjwa anapepewa. Mtu mmoja wa kanisani alipita kuuliza bei ya filamu ya ubarikio wa wanawe, mama akamwambia arudi Jumatatu na asipumue karibu. Kila baada ya kitambo anaweka kiganja chini ya kibao, anasikia upepo, anarudi kufuma. Mimi nilienda chooni mbio na kurudi mbio.

Zahara mlangoni. Zahara ndani. Kaswida. Mashangazi na mwavuli wao. Zaidi ya hapo mashini hii haijawahi kufika bila kupumzishwa. Ngoma. Akina mama wanaingia, mama yangu mwenyewe yumo, anacheza kuliko wote, na anakana.

Imemaliza.

Imemaliza bila kuzimika, na chini nimegusa, ni vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Nimelia. Nimecheka. Nimemkumbatia mama akaniambia nitamchoma na sindano. Filamu nzima iko ndani, nimeinakili kwenye flashi pia, nimeiangalia mwanzo mpaka mwisho na hakuna kilichokatika. Nimemwandikia Zahara neno moja: tayari. Amenijibu kwa sauti, alikuwa analia, nyuma yake wanawake wanamnyamazisha bibi harusi asiharibu wanja.

Jioni nimemsikia mama nyuma ya ukuta akimsimulia jirani. Kwake hadithi ni fupi: mwanangu amewashinda mafundi wa Bukavu. Sikutoka kumsahihisha.

Kuhusu usafiri nako tumeafikiana. Mama ameifunga mashini kwa kile kitambaa, akakaza pindo. Njiani ivae, vumbi ni lingi. Ikifika, ivue. Hiyo ndiyo sheria sasa.


Jumapili, tarehe 13

Wamaza. Tumefika jua likiwa limelala. Mgongo haupo, umebaki njiani. Baba Radjabu anaendesha kama anadaiwa na barabara. Mara mbili tumeshuka tukasukuma kwenye mchanga, na kwenye daraja la magogo nimevuka kwa miguu nimeikumbatia mashini kifuani, yeye ananicheka. Kibao kilifungwa nyuma kwa mpira. Mguu mmoja umeng'oka. Nitaubadilisha kesho, kandambili chakavu hazikosekani popote.

Nkambo amelala. Mdogo kuliko nilivyofikiri. Mkwe wake anasema leo amekunywa uji vijiko vichache tu, akageukia ukuta. Sikumwamsha. Nina woga kidogo, nakiri.


Jumatatu, tarehe 14

Nimepanga kila kitu ndani, penye giza zuri. Batri ya pano ya jirani. Kibao, mguu mpya. Feni ikavuma, watu wakauliza ni nini, nikasema ni pumzi yake. Nyumba ilijaa. Nkambo walimleta kwa kumshika mikono, wakamketisha kwenye kiti, pua yake karibu iguse kioo.

Ameangalia mwanzo, watu wakikusanyika. Ameangalia nyuso za wageni. Zahara alipotokea mlangoni, mkono wake ukapanda.

"Simamisha."

Nikasimamisha. Amemtazama muda mrefu. Shela, hina, macho yaliyoinamishwa. Feni tu ilisikika. Kisha akaomba maji, na mimi nikadhani ana kiu.

Hakumeza. Aliyashika mdomoni, akainama, akampulizia Zahara usoni, vile wazee wa huku wanavyombariki binti anayetoka nyumbani kwao. Ukungu wa maji, juu ya kioo, juu ya vitufe. Wiki nzima nimepigania hii mashini. Niliyaona maji yanakuja. Mikono yangu ilibaki magotini. Sikutaka kumzuia.

Akamwambia Zahara maneno kwa Kibangubangu, marefu, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye mbele yake. Baba Radjabu aliinama akafuta uso. Hakutafsiri, na sikumwomba.

"Endelea."

Nimebonyeza. Imeendelea. Imeenda mpaka mwisho, haikukohoa hata mara moja.

Baadaye Nkambo ameomba bugali na mboga ya sombe. Mkwe wake amesimama mlangoni kwanza, kama hakusikia vizuri, kisha akakimbilia jikoni. Watu wametoka mmoja mmoja. Nimebaki na mashini, nimekausha vitufe kwa ncha ya kitenge changu, taratibu, na pembe za kioo. Nilipofika pale ulipokuwa uso wa Zahara sikufuta. Maji yale nimeyaacha yakauke yenyewe.