Kamera ya Shemeji Shirin Haikuharibika

Jumapili. Theluji imegeuka tope, na pumzi zangu leo ni fupi.

Mchana mjukuu wangu Zehra alikuja na kamera ya kutoa picha papo hapo. Vijana wamezipenda tena. Akampa Shirin, mdogo wa marehemu mke wangu, aliyekuja na wanawe kunijulia hali, atupige picha. Shirin akarudisha mikono nyuma.

"Mpe mwingine, Zehra. Mkono wangu huua kamera."

Wanawe wakacheka kama kawaida yao. Nami nikacheka.

Tangu hapo sijatulia.

Nilipokuwa na duka la kamera hapa Toronto, kampuni mbili zilishindania picha hizi. Waanzilishi walianza na picha ya kuvuta kwa mkono, kusubiri, kisha kubandua. Baadaye wakatengeneza inayotoka yenyewe na kujitokeza mbele ya macho. Wapinzani wakaja na filamu iliyopokea mwanga kwa nyuma, hivyo haikuhitaji kioo cha kugeuza sura. Mimi niliyesomea fizikia nilivutiwa. Waanzilishi wakashtaki kwamba wameibiwa uvumbuzi.

Nilijua kesi iko mahakamani. Hata hivyo nikamuuzia Shirin kamera ya wapinzani, nikamhakikishia itadumu.

Wapinzani wakashindwa kesi, wakaacha kutengeneza filamu. Filamu za washindi hazikuingia katika kamera ile. Nikampa Shirin pakiti ya mwisho iliyobaki dukani, nayo ilikuwa imepitwa na muda wake, nami nikijua. Picha zikatoka na ukungu. Akaja kuniuliza mimi, shemeji yake msomi, mbele ya wateja.

Nikamwambia ameiharibu mashine kwa kuvuta picha, alivyozoea kwa kamera za kubandua. Asihangaike tena na filamu.

Akaniomba radhi.

Yeye, aniombe radhi mimi! Na hakushika kamera tena. Utoto wa wanawe wote haukupigwa picha na mama yao.

Daktari ameacha kunipa matumaini. Ningeweza kumpigia Shirin simu nimweleze faraghani. Ninamjua: angenisamehe kabla sijamaliza, akanisitiri, na wanawe wangeendelea kumtania.

Kwa hiyo nimemwomba Zehra anipeleke kesho mtaa wa Flemingdon Park, nyumbani kwa Shirin, na wanawe wote wawepo. Nitasema kwa Kiswahili. Wanakielewa, hata kama watanijibu kwa Kiingereza.

Miaka yote hii wamemcheka mama yao. Kesho wajue ni nani wa kuchekwa.