Wapangaji wa Obunga

Jumanne, jioni

Bado nacheka peke yangu. Kila uchaguzi chama chetu huiruka Obunga, mtaa wa hapa Kisumu. Mwenyekiti husema, "Hao ni wapangaji tu. Siku ya kura wanaenda kwao." Basi nguvu zote tunazipeleka mashambani, Awasi, nilikozaliwa.

Leo nilipita Obunga kununua mgongo wazi, ile mifupa ya samaki ya kukaanga. Nikamsalimu mama muuzaji kwa Kijaluo. Akanijibu kwa Kiluhya, "Mulembe," na foleni nzima ikaitikia.

Nikamuuliza atapigia kura wapi.

"Kwetu ni Port Victoria, Bwana, lakini kura yangu iko hapa, shule ya msingi. Hata watoto wangu watatu, wamezaliwa hapa. Hakuna mtu ametuomba."

Hakuna mtu ametuomba. Hilo limenikera mpaka sasa. Kesho nitamwambia mwenyekiti hesabu zake zimezeeka, ingawa naogopa atanitoa kwenye kamati.

Mama naye akaniuliza kura yangu iko wapi. Mimi, miaka ishirini Kisumu, nikajibu Awasi.

Akanifungia samaki kwenye gazeti. "Kumbe mpangaji ni wewe."