Mlango wa Sokoni

Wambui mwenye jina langu,

Huku Bahati tu wazima, na babu yako anajigamba na viazi vyake. Unauliza kwa nini, ulipofuta jina la kwanza la faili, lile ulilotengeneza kwa amri ya kompyuta ya ln bado lilifungua faili, lakini la amri ya ln -s likafa.

Miaka ya sabini chumba changu cha kushona pale Nakuru kilikuwa na milango miwili, wa mbele na wa upande wa sokoni. Mwenye nyumba, akitaka nihame, aliupigilia misumari ule wa mbele. Waliofuata kibao changu cha stendi ya basi, kilichoelekeza mlango huo wa mbele, waligonga bure. Wa mlango wa sokoni waliingia kama kawaida. Faili ni chumba. Ln huongeza mlango, ln -s husimamisha kibao tu.

Mwenye nyumba alipokuja kuona kama nimehama, alinikuta nampima mke wake gauni!

Ni mimi Cucu, nyanya yako, bado nashona.