Juu Kweupe

Arap Chumo, rafiki yangu,

Mlingoti wetu wa antena umekatwa vipande. Mwanao ametengeneza navyo kichanja cha kuanikia vyombo. Redio imefungwa ndani ya blanketi juu ya kabati, na mkeo hataki mtu aiguse. Nilipopitia hapo mwezi uliopita nilimwambia redio haina kosa. Akaendelea kuanika vyombo.

Waliponichomea nyumba Kedowa katika ghasia za uchaguzi, wewe ndiwe uliyeificha redio yangu ya mawasiliano chini ya magunia ya mahindi. Halafu ukaniita kutoka huku Nyahururu nije kwako Kaplong kila Agosti, tusimamishe antena tuzungumze na watu wa nchi ambazo hatutazifikia. "Njoo, Kamau," ulisema. "Mkikuyu asiye na shamba alime hewa." Ni wewe peke yako uliyeweza kunitania hivyo nikacheka.

Sheria pia ilikuwa yako. Kabla ya kuinua mlingoti, mmoja anauliza. Mwingine anakwenda, anagusa au anatazama, ndipo anajibu. "Kamba?" "Imekaza." "Waya wa ardhini?" "Umeshika." "Juu?" "Juu kweupe." Miaka ya kwanza nilizunguka uwanja mzima hadi shingo ikauma, nawe ukiniuliza kama natafuta malaika. Baadaye tukawa tunajibizana kama waumini waliozoea ibada: mdomo uko pale, akili imeshafika nyumbani.

Siku ile uliuliza, "Juu?" Nilikuwa nimeinama, namimina chai. Nikajibu, "Juu kweupe."

Sikuinua kichwa, Chumo.

Na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimepita nguzo mpya ya stima karibu na lango lako, bado inanuka dawa. Nikakutania kwamba siku hizi hata majani chai yenu yanapimwa kwa mizani ya stima. Nguzo niliiona. Sikujiuliza waya wake umeelekea wapi. Ulikuwa umepita nyuma ya miti, ukakata juu ya pale petu pa miaka yote. Wewe ukaliinua lile bomba la alumini la mlingoti kwa sababu nilikuwa nimekujibu, likagusa waya wa umeme. Kikombe chako kilikuwa bado mkononi mwangu.

Kwenye matanga walisema ulizoea mno, kwamba uzee ulikufanya mzembe. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, nikatazama viatu vyangu. Mkeo, Mama Chebet, aliniuliza mara moja tu: "Baba Wanjiru, mliangalia juu?"

"Niliangalia, mama."

Basi lawama zote zikakuangukia. Picha yako ameitoa sebuleni. Anasema ulimwacha kwa ajili ya mchezo wa watoto, na wanao wanamsikia.

Unajua jinsi nilivyowachukia majirani wa Kedowa. Wao waliona, wakasema hawakuona. Mimi sikuona, nikasema niliona. Nimekaa na sentensi hiyo tangu tulipokuzika, na sijapata njia ya kuifanya iwe nyepesi.

Jumamosi ninakuja Kaplong. Nitamwambia mkeo mbele ya watoto, nikiwa nimesimama, wala sitataja miti wala uzee wangu. Nitamwomba arudishe picha yako ukutani kabla sijaondoka. Akinifukuza, nitakwenda, hilo ninalijua.

Pumzika, ndugu yangu. Ulifanya ulivyotakiwa kufanya. Uliuliza.

Kamau