Sauti ya Bibi Harusi wa Kuzimu

Jumatatu, 3 Machi

Wimbo wa kuzimu umekwisha! Midomo yote ya wahusika nimechora mimi, kufuata sauti zilizorekodiwa. Hadithi ni ile ya kale ya Wagiriki: mwanamuziki anashuka kuzimu kumrudisha bibi harusi wake, anakatazwa kugeuka nyuma. Yetu ni katuni ya familia nzima, kwa hiyo bibi harusi anaimba njia nzima ili mume ajue yupo. Na mbwa wa mlangoni anaimba kwa vichwa vyote vitatu. Jamaa anayemchora tunamwita Vichwa Vitatu. Siku hizi anaitika.

Sauti ya bibi harusi ni ya dada yangu, wa mapokezi hapa hapa studio. Ya kushikia nafasi tu, hadi apatikane mwimbaji mwenye jina. Alirekodi anatetemeka. Kabla ya neno "usigeuke" alimeza mate — na mimi nikachora hivyo hivyo, mdomo umefumba, koo linapanda, linashuka. Kila aliyeona aliomba kuona tena.

Jumatano, 5 Machi

Dada amempigia mama. Eti sauti yake itatoka kwenye sinema! Nani kamwambia? Hakuna. Mwongozaji alimsifu kwenye ngazi, basi, akajiamulia mwenyewe. Mama ameshawatangazia majirani. Nilitaka kumwambia dada asubiri kidogo, nikaacha. Tangu kwaya imkatae alikuwa haimbi hata jikoni. Sasa anaimba kati ya simu na simu.

Siwezi kutulia. Nimechonga penseli zote, hata nisizozitumia.

Alhamisi, 6 Machi

Mwenye jina amekuja. Malkia, ndivyo hata dereva wake anavyomwita. Nilijiandaa kumchukia, nikashindwa — anaimba, jamani! Ila mstari wote kwa pumzi moja. Kwenye skrini bibi harusi kafumba mdomo, sauti ya Malkia inaendelea tu. Wakarudia, wakarudia. Wakamwomba ameze mate. Akajaribu, akacheka, akasema anajisikia kama anakunywa dawa.

Mwongozaji kaniangalia kwa jicho la pembeni. Ana haki. Mchoraji gani anachora mate ya sauti ya muda?

Vichwa Vitatu akaninong'oneza: kama michoro haibadiliki, sauti ya dada inabaki. Dada wakati huo alikuwa anampelekea Malkia maji.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewahi kuliko wote, nikauchora ule mstari upya, bila kumeza mate. Kujaribu tu! Umetoka safi, unakwenda na Malkia sawasawa. Nimeuchukia mkono wangu. Bibi harusi ni mzuri zaidi sasa, ila haogopi tena. Mimi namtaka yule anayeogopa — au namtaka dada tu? Sijui. Karatasi nimezisukuma chini ya droo.

Baadaye. Mwongozaji kaja mezani, ana swali moja: mstari unachoreka upya, au hauchoreki?

"Hauchoreki," nimesema. Bila hata kukohoa.

Ameguna, akaenda kuzungumza na Malkia. Basi! Dada amepata. Nilidhani nitafurahi, nimerudi kuchonga penseli tu.

Baadaye tena. Hii sikuiwaza. Mwongozaji anasema kwa kuwa sauti ya dada ndiyo inabaki, arekodi upya, maana ile ya kwanza ina kelele za feni. Leo leo. Dada kapita hapa mbio, kavua hereni zisigongane, uso unang'aa. Kaniinamia sikioni.

"Mdogo wangu, nimefanya mazoezi wiki nzima. Safari hii simezi mate. Sitakuaibisha."

Nikamwambia ameze! Ameze kama siku ile! Akadhani namtania, akanipiga begani, akaenda.

Akiuimba mstari wote kwa pumzi moja, hautaingia kwenye mdomo niliouchora. Na mimi nimeshaapa hauchoreki. Nimesimama kwenye dirisha la kioo la chumba cha kurekodi, nampungia mkono, naonyesha koo langu. Ananitabasamia. Taa nyekundu imewaka.