Seva ya Tanga Haijibu

Jumatatu, 3 Februari

Theluji tena. Mume wangu Rashidi karudi kutoka zamu ya usiku kule ghalani karibu na uwanja wa ndege, kanywa uji, kalala. Mimi na kompyuta yangu kwenye meza ya jikoni, chai pembeni. Huku asubuhi, Tanga alasiri. Ndiyo saa yetu, mimi na Hamisi.

Kazi ni ileile: kuiunganisha kanzidata ya zahanati ya Tanga na mfumo wa kampuni yetu hapa Toronto, ili madaktari wa huku wasome vipimo vya wagonjwa wa kule na kushauri. Seva yenyewe siigusi. Naandika ombi, anwani, jina la mtumiaji (hamisi, kwa herufi ndogo), nywila, nalituma kwenye API, mlango wa mfumo wetu, na mfumo unakwenda kuibishia hodi seva. Leo imekataa. Sijali. Ikikataa ujue imekusikia.

Hamisi ndiye anayeitunza seva ile. Mdogo wangu, ndugu pekee niliyebaki naye tangu Mama aondoke. Kanitumia sauti, anacheka: "Dada Zuhura, hiyo nywila ya mwezi uliopita! Kanada inakuzeesha." Nikarekebisha. Ikakubali. Kasema kichwa kinamgonga, anakwenda nyumbani mapema. Nikamwambia anywe maji. Huo ndio udaktari wangu.

Jumanne, 4 Februari

Kimya. Afadhali ingekataa. Ombi linakwenda, linasubiri, muda unaisha. Ama seva imezimwa, ama umeme umekatika na hakuna wa kuiwasha. Hamisi hajibu.

Bosi kauliza kikaoni mbele ya watu. Madaktari wanaanza wiki ijayo. Nimesema mdogo wangu analishughulikia. Kwa kujiamini kabisa.

Jumatano, 5 Februari

Bado. Nimekasirika. Nimemwandikia: "Hamisi, kazi si mchezo. Nimekuombea nafasi hii kwa mdomo wangu, sasa unaniaibisha. Kama umechoka sema, nitafute mtu mwingine." Tiki moja. Simu yake imezimwa.

Nikampigia Shangazi. Eti Hamisi kaenda Korogwe mara moja, simu haina chaji. Korogwe kufanya nini? Ah, shughuli zake. Halafu akaniuliza kama nimekula. Kama Rashidi yupo nyumbani. Nikamjibu kwa mkato, nikakata. Korogwe kuna umeme, jamani.

Alhamisi, 6 Februari

Seva imejibu! Nimepiga makofi peke yangu jikoni.

Kisha nikalisoma jibu lenyewe. Akaunti ya hamisi imefungwa.

Si nywila. Nywila ikikosewa maneno ni mengine. Hii kuna mtu ameifunga kwa mkono wake, na akaunti haifungwi ila mtu akiacha kazi au akifukuzwa. Hamisi hakuacha. Angefukuzwa ningesikia, angelalamika mpaka masikio yaniume.

Nikakaa. Chai ikapoa. Nikayakumbuka maswali ya Shangazi. Umekula? Rashidi yupo? Aliniuliza hayohayo Mama alipofariki, nikawa naambiwa Mama amelala, nipige kesho. Kwetu aliye mbali hapewi msiba kwa simu. Anatafutwa mtu mzima wa hukohuko, aende mlangoni kwake, ili akianguka awepo wa kumshika.

Na jana jioni Rashidi alichukua simu yangu, eti anaiwekea toleo jipya. Kundi la familia la WhatsApp silioni tena.

Hamisi amekufa. Nimeandika ili nione. Hamisi amekufa, na mashine ndiyo iliyoniambia.

Ijumaa, 7 Februari

Sijasema. Rashidi naye hasemi. Tumekunywa chai tukizungumza habari za theluji. Macho yake mekundu, anasema ni vumbi la ghalani. Hajui kudanganya, maskini. Namwonea huruma.

Najua wanasubiri kesho. Mzee Athumani na mkewe Bi Salma, wa mtaa wa Rexdale hapa mjini, ndio waliotumwa kwangu wakati wa Mama. Mzee bado anafanya kazi kiwandani, katikati ya wiki hapewi ruhusa. Kwa hiyo msiba wa Tanga unangoja mapumziko ya Toronto. Nimechukia. Nimewachukia wote, Shangazi kuliko wote. Wamemzika mdogo wangu huku mimi namgombeza kwenye simu.

Ningeweza kupiga, nikawaambia najua. Sikupiga. Sauti ya mtu ikishasema, basi tena.

Mchana nimesukuma sofa ukutani. Nimetandika mkeka sebuleni, nimetoa vikombe vyote kabatini. Rashidi kaamka, kasimama mlangoni, kautazama mkeka. Hakuniuliza nani anakuja. Alichukua kitambaa akaanza kukausha vikombe.

Jumamosi, 8 Februari

Wamekuja baada ya adhuhuri, kwa basi, viatu vyao vyeupe kwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Bi Salma kanishika mkono kabla hata hajavua koti. "Umekula, mwanangu?"

Nikasema nimekula.

Mzee Athumani akakaa mkekani, akakohoa, akaanzia mbali: baridi, afya, mipango ya Mungu. Nikamwacha. Bila shaka alikuwa akiyapanga maneno yale njia nzima tangu Rexdale, sikuwa na moyo wa kumkatisha. "Mwanangu, Hamisi ametutangulia." Presha. Alianguka Jumatatu jioni, hakuamka tena. Walimzika Jumanne.

Nilidhani nimeshalia. Wapi. Nilianguka, na Bi Salma akanidaka, mwembamba vile alivyo. Kumbe wana maana yao.

Jioni nyumba ilijaa. Watu wa Weston, watu wa Crescent Town, wengine siwajui hata majina. Walisoma hitima, wakala, wakaosha vyombo. Nilimpigia Shangazi. Tulilia tu, hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Jumatatu, 10 Februari

Bosi kasema nipumzike. Nimekataa. Nipumzike nikifanya nini?

Zahanati imeleta jina jipya la mtumiaji, la muuguzi mmoja. Nimeliandika, nimelituma. Imekubali mara ya kwanza. Madaktari wataanza kama ilivyopangwa. Hakuna aliyenicheka.

Mpangilio wenye jina la hamisi bado umo. Mfumo unauliza: kufuta au kuzima? Ukifuta haurudi. Nimezima.

Nikamimina chai, nikashika simu. Ule ujumbe wangu wa Jumatano sasa una tiki mbili. Shangazi ameichaji simu ya Hamisi, pengine anatafuta picha zake. Kazi si mchezo. Unaniaibisha. Nitafute mtu mwingine. Yote yamefika.

Theluji imekatika. Rashidi amelala, sijamwamsha.